Kingo za Mguu wa Ma Leokadia

Simu iliita asubuhi, nikiwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai, natazama ukungu wa ziwani ukipenya taratibu kati ya migomba ya Buhembe, hapa Bukoba. Sauti niliitambua kabla mwenyewe hajajitaja. Alikuwa Anastela wa Kamachumu, na alinipa habari kwamba dada yake, Ma Leokadia, amelala jana jioni na hakuamka. Nilimpa pole, akaipokea, lakini hakukata simu. Alisema wazee wa ukoo wamegawanyika. Wengine wanataka marehemu azikwe na mguu wake wa bandia, wengine wanasema kitu cha plastiki hakiingii kaburini na mtu. "Wewe ndiye uliyeutengeneza, Koleta," aliniambia. "Tuseme nini?" Nilimjibu wamzike nao, kwa sababu mguu ule aliutafuta kwa shida zaidi kuliko ule aliozaliwa nao. Wakafanya hivyo. Nilikwenda, nikamwaga udongo wangu, nikala na wafiwa, nikarudi Bukoba. Tangu siku hiyo mwaka nilioutengeneza mguu ule umekuwa ukinijia mchana, nikiwa naosha vyombo au nasubiri mvua ipite. Unakuja bila mpangilio, kama ndoto ambayo mtu anaikumbuka kwa harufu kabla hajaikumbuka kwa maneno.

Harufu yenyewe ni ya plasta mbichi na plastiki iliyopashwa moto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na karakana ya miguu ya bandia ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani kule Kagondo, hapa hapa Bukoba. Zamani palikuwa ghala la kahawa, kwa hiyo siku za jua kali kuta zenyewe zilinukia buni, na mtu aliyeingia mara ya kwanza alivuta pumzi na kuuliza nani anakaanga kahawa. Palikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa na benchi la wagonjwa na vyuma viwili vya kushikia wakati wa kujifunza kutembea. Cha kati kiligawanywa kwa pazia la kijani lililofuliwa mpaka likapauka. Cha nyuma kilikuwa na tanuri, meza za kazi, na kwenye pembe iliyo kavu zaidi, kompyuta, imefunikwa kitambaa cha meza kilichotariziwa maua. Fundi Respicius, mkuu wa karakana, ndiye aliyeleta kitambaa kile kutoka kwake. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye mikono iliyokaa na weupe wa plasta kwenye mistari ya viganja hata Jumapili. Miaka yote alikuwa akikanda umbo la kigutu, kile kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa, kwa plasta na kuona kwa vidole. Mwaka ule karakana ilipata kompyuta na kifaa cha kupima mwili kwa mwanga, na mimi niliajiriwa kwa sababu chuoni nilifundishwa kuchora kwa kompyuta. Nilijua kuchora mapaa na ngazi. Sikuwa nimewahi kuchora kitu kisicho na hata mstari mmoja ulionyooka.

Kazi ilikuwa hivi. Kifaa kile kilimulika kigutu, na kompyuta ikaonyesha umbo lake kama ngozi tupu isiyo na nyama ndani. Kwa kuwa mgonjwa hukaa kitini na mwanga hauwezi kuzunguka, tulipima mara mbili, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa hiyo nilipata nyuso mbili zilizoachana kama maganda mawili ya haragwe. Nilitakiwa kuziunganisha ukingo kwa ukingo. Umbo likikamilika, faili lilitumwa Mwanza, ambako mashine ililichonga kwenye povu gumu, povu likarudi kwa basi, nasi tukalifunika plastiki ya moto na kupata soketi, yaani kile kikombe ambamo kigutu huingia. Kila kitu kilitegemea kingo zile mbili. Siku ya kwanza nilizisogeza zikagusana, nikamwita Fundi aone. Hakuitazama skrini. Alinyoosha viganja vyake viwili, akavigusanisha ukingoni, vikafanya pembe kama paa la nyumba. "Vimegusana," alisema. Kisha akavilaza mpaka vikawa meza moja. "Sasa vinaelekea pamoja." Kisha akavikunja kidogo, kama mtu anayeteka maji ya kunywa. "Sasa vinapinda pamoja. Mwili unataka hiki cha tatu. Ukimpa mtu cha kwanza, umempa kisu."

Programu ilikuwa na kitufe cha kukagua. Ukikibonyeza, umbo lote linavaa milia myeusi na myeupe kama pundamilia, na ukilizungusha milia inatiririka juu yake. Ikivuka kiungo, yaani mstari ambapo nyuso mbili zinakutana, bila kukatika wala kuvunjika kona, kingo zimelingana. Ikikatika, hapo pana kasoro, hata kama jicho limeridhika. Niliipenda milia ile kupita kiasi. Saa za mchana, mvua ikipiga mabati mpaka tusisikilizane, nilizungusha umbo la paja la mtu nisiyemjua na kuitazama milia ikipita, na nilihisi kama nimekaa juu ya jiwe ufukweni nikitazama chini ya maji. Umeme ulipokatika, skrini ikazima, niliendelea kuiona ndani ya macho yangu. Fundi alinikuta mara nyingi nikitazama kioo cheusi. "Koleta, rudi," alikuwa akisema, na kunisogezea sahani. Tulikula pamoja kwenye meza ya kazi, ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, baada ya kufuta vumbi jeupe kwa kiwiko.

Ma Leokadia alikuja mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeanza na barabara za Muleba zikitoa vumbi jekundu. Alikuwa mzaliwa wa Kamachumu, lakini miaka mingi aliishi kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, ambako mtu hufika kwa gari mpaka Muleba kisha kwa mtumbwi, akinunua samaki kwa wavuvi na kuwakausha. Mguu wake wa kushoto ulibanwa kati ya mtumbwi na jiwe wakati wa kuteremka, ukakatwa chini ya goti. Aliingia kwa magongo, dada yake Anastela nyuma yake na kikapu, akaketi benchini na kutukagua mimi na Fundi kama anayechagua samaki.

"Kasinge, waitu," alimsalimu Fundi. Kisha akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu ndiye atakayekuchorea mguu," Fundi alijibu.

"Mawe! Kuchora?" alishangaa kwa Kihaya, akacheka. "Mwanangu, mimi sitaki picha. Mimi nataka kurudi kisiwani. Kule maji hayana gati. Mwanaume anakubeba mgongoni kutoka kwenye mtumbwi mpaka nchi kavu, akulaze mchangani kama gunia. Wanawake wenzangu wote wanabebwa. Mimi sijawahi. Niliingia majini mwenyewe miaka yote, na sitaanza kubebwa sasa."

Nilimpima siku ile ile. Alikuwa na kigutu kizuri, kama tulivyokuwa tukisema, chenye kovu lililofunga vizuri, lakini upande wa nje chini ya goti palikuwa na kifundo cha mfupa kilichochomoza kuliko kawaida. Fundi alikizungushia duara kwa kalamu ya bluu. Aliniambia mahali hapo ngozi ni nyembamba na mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa, kwa hiyo soketi lazima ipaachie nafasi. Mstari wa kuunganisha mbele na nyuma ulipita papo hapo, juu ya duara la bluu.

Nikikumbuka wiki zilizofuata, nazikumbuka kama alasiri moja ndefu. Ma Leokadia alikuja kila wiki kwa mazoezi ya kuimarisha paja, na akimaliza alikaa karibu na kompyuta akitafuna kahawa, akinieleza visiwa. Alisimulia watu waliotoka kila upande wa ziwa wakiongea lugha tano jikoni pamoja, na asubuhi ambazo dagaa wametandazwa juu ya miamba mpaka kisiwa kizima kinang'aa kama bati jipya. Mara moja aliutazama mguu wake ukizunguka kwenye skrini na milia yake, akainamia kioo. "Kumbe ni mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwona jamaa aliyepotea. Nadhani ni siku ile nilipoanza kumpenda, na nadhani ndipo nilipoanza pia kutaka kumfurahisha haraka. Mambo hayo mawili hayafanani, lakini katika umri ule sikuyatofautisha.

Kila mahali kingo zilikubali isipokuwa pale kwenye kifundo. Nilivuta upande wa mbele, wa nyuma ukatoa mkunjo. Niliutuliza wa nyuma, wa mbele ukazama. Urefu wa tatizo haukuzidi kidole. Ijumaa moja ilibidi faili liende, kwa sababu mashine ya Mwanza ilikuwa na foleni na Fundi alikuwa ameomba nafasi. Nilibonyeza kitufe cha milia na kuona mistari ikivunjika kona pale pale. Nikaizima milia. Nikazima na mistari ya kingo, umbo likabaki laini, jeupe, kama yai. Fundi alisimama mlangoni akiwa amevaa koti, anakwenda msibani Kamachumu kwa wiki nzima.

"Umeangalia milia?"

"Nimeangalia," nilijibu.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo maana lilitoka kwa urahisi. Aliitikia kwa kichwa, nami nikatuma faili.

Povu liliporudi, Fundi alikuwa bado hajarejea. Nilipitisha kidole na kuukuta mkunjo, mdogo kama mshono wa shati. Nilichukua msasa nikausugua mpaka kidole kikapita bila kukwama. Leo nawaambia vijana ninaowafundisha kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko uongo wa Ijumaa. Msasa uliondoa mkunjo na, kwa kuwa soketi hufinyangwa juu ya povu, ukaondoa pia ile nafasi ndogo ambayo mfupa uliihitaji. Fundi aliporudi alitia mkono ndani ya soketi niliyokwisha kuitengeneza, akatembeza vidole vyake vilivyozoea plasta, hakukuta kitu, akaniamini.

Siku ya kuujaribu, Ma Leokadia alivaa gauni la kanisani. Tulimvisha mguu katikati ya vile vyuma viwili, akasimama, akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili, akatembea. Nililia. Sikuweza kujizuia, nililia nikicheka, na wagonjwa wa benchini wakapiga vigelegele. "Unauma popote?" Fundi alimuuliza. "Hauumi," alijibu akinitazama mimi. Baadaye alipita nyuma ya pazia la kijani na dada yake kubadili nguo. Nilikuwa upande wa pili nikikusanya vifaa, nikamsikia akinong'ona kwa Kihaya kwamba pale kando ya goti panachoma kama kaa la moto. Anastela alimwambia aseme. "Nitasemaje?" Ma Leokadia alijibu. "Hukumwona mtoto yule anavyolia? Nitauzoea."

Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Hatua tatu zingetosha kufika kwenye pazia. Nimezihesabu mara nyingi tangu wakati huo, na hata nyumba ile ilipokarabatiwa na pazia kuondolewa, nilirudi nikasimama mahali pale. Sikupiga hata moja. Nilijiambia kwamba plastiki mpya huwa hivyo, kwamba ngozi itazoea, kwamba yeye mwenyewe amesema. Akaondoka akitembea.

Kwa wiki tano nilisifiwa. Watu walikuja kuiona kompyuta, mama mwenye nyumba yangu Buhembe akaniongezea kipande cha samaki kwenye sahani, na mimi nilikula samaki yule bila kumsikia ladha. Kisha Anastela alipiga simu karakana. Ma Leokadia alikuwa ametolewa kisiwani, amelazwa kwa dada yake Kamachumu, na kidonda kimefika karibu na mfupa. Mganga wa zahanati alikuwa akisema huenda goti nalo likakatwa. Fundi aliweka simu chini, akaniuliza tu, "Ni wapi?" Nilionyesha kwenye goti langu mwenyewe, bila kusubiri anieleze. Aliutazama mkono wangu, akaelewa kwamba nilijua tangu mwanzo. "Nenda wewe," alisema. "Uende peke yako."

Nyumba ya Anastela ilikuwa katikati ya migomba mikubwa, giza la kijani mchana kweupe, na majani yaligusana juu ya paa. Chumba alicholala mgonjwa kilikuwa na nyasi safi sakafuni, rozari ukutani, na harufu ya dawa. Ma Leokadia alikuwa amekonda. Mguu nilioutengeneza ulisimamishwa pembeni, umevalishwa kiatu na soksi. Alinyoosha mkono nimsaidie kukaa, akaanza kunituliza, eti yeye ndiye aliyetembea sana juu ya mawe. Nikamkatiza. Nilimwambia habari ya milia, habari ya msasa. Halafu nikamwambia habari ya pazia.

"Ulinisikia?" aliuliza.

"Nilikusikia, Ma."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Nje mtu alikuwa akimenya ndizi, nilisikia kisu kikikwaruza. Ma Leokadia aligeuza uso ukutani. "Mimi nilinyamaza kwa kukuhurumia," alisema. "Wewe ulimhurumia nani?" Aliniambia nisilie mle ndani, kwa sababu machozi yangu yalikuwa yameshamgharimu mguu mara moja. Kisha akamwita Anastela aniletee chakula. Nilisema sina njaa. "Hakuna mtu anayetoka nyumba hii bila kula, hata mwizi," alisema akiwa bado ametazama ukuta. Nikala ebitoke kwenye jani, nimepiga magoti juu ya nyasi, yeye amenipa mgongo. Nilipoaga, alisema neno moja: "Rudi." Sikujua kama ni amri au ni ruhusa.

Goti halikukatwa. Kidonda kilifunga polepole kupitia mvua za vuli, na katika muda huo nilijifunza kazi yangu. Fundi hakunifukuza, ila kwa siku nyingi alizungumza nami kwa mahitaji tu. Nilirudi Kamachumu kila Jumamosi na kifaa cha kupima, nikapima kigutu jinsi kinavyobadilika, na Ma Leokadia aliniruhusu nikiguse bila kuniongelesha. Nilifuta kila kitu nilichokuwa nimechora. Mara hii sikuanza na umbo zima. Nilianza na duara la bluu, nikalipatia uso wake peke yake, kiraka kidogo kisichokatwa na kiungo chochote, na kiungo nikakihamishia mahali penye nyama. Kisha nikazileta kingo nyingine zifuate kiraka kile, moja baada ya nyingine, kwanza zigusane, halafu zielekee pamoja, halafu zipinde pamoja. Milia ilipovunjika nilianza upya. Nje mvua ilinyesha, ndani palinukia kahawa ya zamani, na siku zilipita bila kona. Alasiri moja milia ilitiririka kutoka mbele hadi nyuma, ikapita juu ya kifundo na kuendelea, kana kwamba mguu ule haujawahi kuwa vipande viwili. Sikushangilia. Nilimwita Fundi. Alivuta kiti, akavaa miwani, akashika kipanya mwenyewe kwa mara ya kwanza, akalizungusha umbo taratibu, pande zote, kwa muda wa kunywa chai. Kisha akainuka na kurudi kwenye tanuri. "Washa mashine ya Mwanza," alisema, ingawa hapakuwa na mashine ya kuwasha. Nilielewa kwamba ananiambia nitume.

Senene, wale panzi wa msimu wa mvua, walikuwa wameanza kuanguka Ma Leokadia alipokuja tena. Mji mzima ulinukia vitunguu na senene wa kukaanga, na Anastela alituletea bakuli, likawekwa juu ya meza ya kazi bila mtu kuligusa siku ile. Ma Leokadia alivaa soketi mpya, akasimama kati ya vyuma, akapiga hatua mbili na kusimama.

"Unauma," alisema.

"Wapi?"

"Nyuma. Hapa juu. Na huku chini unabana." Alinitazama usoni, macho makavu. "Vua."

Nikauvua. Nikaupasha moto, nikalegeza ukingo wa juu, nikamvisha tena. Akatembea hatua sita. "Bado," alisema. "Sasa ni hapa." Nikauvua tena. Alikuja siku nne mfululizo, na kila siku alikuwa na malalamiko mapya, mengine nusu ya unene wa ukucha, akiyasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchini, na mimi niliyaandika yote. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko malalamiko yale. Siku ya nne alitembea mpaka mwisho wa chumba, akageuka, akarudi, akageuka tena. Tulisubiri aseme. Mimi, Fundi, Anastela, na wagonjwa watatu wa benchini, sote tulikuwa tumeacha kutafuna senene.

Aliinama akajipapasa kando ya goti. Akasimama wima. Akatoka kwenye vile vyuma, akachukua kikapu mkononi mwa dada yake, akapita mbele yetu na kutoka mlangoni. Nilisikia hatua zake barazani, kisha kwenye changarawe, zikilingana. Anastela alimkimbilia akiuliza mbona hata hajaaga. Sauti ya Ma Leokadia ilirudi kutoka barabarani, ya mtu asiye na muda:

"Gari la Muleba linaondoka!"